Kazi za Kiangazi Kabla ya Masika, na Habari ya Moto Ulioruka Mpaka



Neno letu la mwezi huu limo katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 22, mstari wa 6. Lisomeni polepole, kisha mrudi hapa.

Mwenye kusoma ataona ya kuwa Musa hasemi pale habari za mbinguni. Asema habari za mtu aliyewasha moto, ukashika miiba, ukaenda ukateketeza nafaka ya mwenzake. Naye aliyeuwasha sharti alipe. Basi. Mara nyingi nalipita mstari huo bila kusimama, maana nalidhani ni sheria ya wakulima wa kale tu. Mwaka 2025 nalifundishwa ya kuwa ni yangu. Nitawaeleza, lakini kwanza niseme kidogo juu ya majira na kazi zake, kwa kuwa asiyezijua kazi za miezi hii hatafahamu ni hasara gani iliyotokea.

Katika nchi za Ulaya, mwezi wa Machi mkulima hutoka nyumbani baada ya baridi kuu, akatazama kama udongo umelegea apate kupanda. Yeye hungoja joto. Sisi twangoja mvua. Tangu Desemba kaskazi hutuvumia, upepo mkavu, hata udongo wa kichanga ukawa kama majivu na majani ya migomba yakachanika kama nguo kuukuu. Mwisho wa Machi kaskazi huchoka, zikaja siku za tanga mbili ambazo upepo haujui uendako. Kisha kusi hushika, na masika hunyesha. Aprili ndio mwezi wa mvua kuliko yote. Wazee wetu walizihesabu siku hizi kwa miongo, yaani kumi kumi, tangu Siku ya Mwaka, ile ambayo watu wa Makunduchi huiadhimisha hata leo mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa. Aliyeujua mwongo wake hakuwa na haja ya kuuliza kalenda ya ofisini.

Basi kazi kubwa zote ni za kabla ya tone la kwanza. Mvua ikishaanguka, anayefyeka ndipo aanze, huyo amekwisha kuchelewa. Magugu yatamtangulia, naye atapalilia mpaka mgongo umuume, bila kuvuna kitu cha maana.

Wala asiwadanganye mtu kwamba Unguja ni udongo mmoja. Upande wa magharibi na katikati iko kichanga na kinongo, udongo wenye kina, unaokubali jembe. Mabondeni, kama Cheju na Mtwango na Bumbwisudi, uko kinamo, udongo mzito unaoshika maji. Huo ni wa mpunga. Lakini upande wa mashariki na kusini, Paje, Jambiani, Makunduchi, ni maweni na uwanda: mawe ya matumbawe, na udongo ni konzi chache kati ya jiwe na jiwe. Huko mtaimbo hufanya kazi ambayo jembe haliwezi, na mtu hujenga ukuta wa mawe makavu kuzunguka konde lake, nguruwe wasile jasho lake usiku. Nimewaona wanawake wa huko wakipanda mbegu katika shimo lisilozidi kikombe. Nalinyamaza, maana nalikuwa nimeanza kulalamika juu ya shamba langu.

Mpunga una watu wanaoujua kuliko mimi, na wengi wao ni mama zetu. Nasema neno moja tu: ijaribuni mbegu kabla ya kuipeleka bondeni. Timbukizeni majini, mapepe yataelea, yaondoeni. Kisha hesabuni punje 100, mzifunge katika kitambaa chenye maji, mzitazame baada ya siku chache. Zikiota 80 na zaidi, pandeni kwa moyo. Zikiota 50, afadhali kujua sasa, kuliko kujua mwezi wa Mei ukiwa umesimama katika bonde tupu.

Na mwenye minazi asiache magogo yaliyooza yamelala shambani, wala lundo la samadi la tangu mwaka jana. Humo ndimo chonga huzaa watoto wake, kisha akapanda juu kula moyo wa mnazi. Mashimo ya miche yachimbwe sasa, yaachwe wazi yapigwe na jua, kisha yajazwe udongo wa juu na samadi iliyoiva; hata mvua ikija, mche ukute kitanda chake kimetandikwa. Ya tungule na bilingani sihitaji kueleza. Kila nyumba ina mtoto anayejua kusia kitaluni chini ya kivuli cha makuti, mradi mbuzi wa jirani afungwe.

Ninyi mnaokaa Mji Mkongwe mtasema, sisi hatuna konde. Lakini mna mapaa na mifereji. Nyumba zenu ni za mawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hunywa maji kimya kimya miaka mingi. Tarehe 25 Desemba 2020, siku yenyewe ya Noeli, sehemu ya Beit-al-Ajaib iliporomoka, jumba la mwaka 1883 ambalo kila mtoto wa Unguja alidhani litasimama milele, na watu wakafa. Pandeni darini kabla ya masika, mkazibue mifereji. Kazi hiyo nayo ni ya kiangazi.

Habari ya muhogo nitaisema kwa urefu zaidi, kwa sababu ndiyo yenyewe nitakayoirudia. Mbegu ya muhogo si punje, ni kijiti. Hukatwa katika shina pevu, si ncha iliyo mbichi wala kisiki kilicho kigumu mno, bali katikati, urefu wa shubiri moja na zaidi kidogo, chenye macho matano au sita. Na kwa kuwa mavuno na mvua havikutani sikuzote, mwenye akili huyafunga mashina yake mafungu mafungu, akayasimamisha kivulini, chini ya mwembe, miguu yake ikiguswa na udongo kidogo yasikauke. Fungu lililotunzwa hivyo hungoja mvua majuma kadhaa. Likipotea, mtu hana mbegu dukani ya kununua. Atakwenda kuomba kwa wenziwe, na wenziwe wana haraka kama yeye.

Tena mbegu na ichaguliwe kwa macho makali. Shina la muhogo wenye batobato, ambao majani yake yana madoa ya manjano na kujikunja, lisiguswe. Uko ugonjwa mwingine wa hila zaidi, michirizi ya kahawia. Mwaka 1936 mtaalamu mmoja, Storey, aliyekuwa Amani katika milima ya Usambara, nchi ya sharika zetu za kale, ndiye aliyeandika habari zake. Mti waweza kusimama vizuri mbele ya macho ya mpita njia, lakini ukiung'oa na kukata muhogo wake, ndani wakuta uozo mkavu wa kahawia. Mfano wa kuhubiri uko hapo wazi, nami sitautumia; kila mtu na aukate muhogo wake mwenyewe. Wataalamu wa Kizimbani wametoa mbegu zinazostahimili ugonjwa huu, wakaziita kwa majina ya mahali petu: Kizimbani, Mahonda, Machui, Kama. Wenye kuzipata wazipande.

Sasa, kabla sijafika kwenye kosa langu, niseme habari ya ardhi yenyewe. Tarehe 15 Aprili 1872, masika yakiwa yameanza, tufani iliipiga Unguja. Mikarafuu na minazi ya kisiwa hiki ilianguka kwa wingi, vyombo vikavunjika bandarini. Pemba haikuguswa sana, na tangu hapo ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Mkarafuu hauzai mwaka wa kwanza wala wa pili. Mpandaji hungoja kama miaka 7. Walichimba mashimo upya, tena mengi. Lakini walioshika majembe hawakuwa wenye mashamba. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1897. Kwa hiyo mikarafuu mingi iliyosimama badala ya ile iliyoanguka ilipandwa na watu wasiokuwa na haki hata ya mikono yao wenyewe. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 mashamba yaligawiwa, eka tatu tatu. Baba wa jirani yangu alikuwa miongoni mwa waliopewa. Alipanda katika eka zile muhogo wa mbegu yake aliyokuwa nayo tangu ujana, na mwanawe, ambaye sasa ni mzee mwenye mvi, akaendelea kuipanda mbegu ile ile, kijiti kwa kijiti, mwaka kwa mwaka. Mimi nalima kipande cha kuazima kando ya shamba lake, njia ya Dole.

Ilikuwa katikati ya Machi 2025. Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 ya mwezi ule, na Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache kabla yake, hata sisi na jirani zetu Waislamu tukawa katika siku za kufunga pamoja, kila mtu kwa desturi yake. Nalikuwa nimefyeka kipande changu, takataka zimekauka, na mawingu yalianza kuonekana upande wa bahari.

Juu ya kuchoma moto nimewafundisha watu miaka mingi. Afadhali usichome, bali uzike majani udongoni yaoze. Na kama huna budi kuchoma, safisha njia pana kuzunguka konde, uwe na maji na matawi mabichi, ungoje jioni upepo utulie, umwarifu jirani. Haya yote nalikuwa nayajua. Lakini siku ile ilikuwa ya ibada ya Kwaresima jioni, nami naliona ya kuwa nikingoja upepo utulie nitachelewa madhabahuni. Basi saa nane mchana, kaskazi ikivuma, naliwasha.

Kuti moja liliruka likiwaka. Sikuliona lilipoanguka, naliona moshi tu, upande usio wangu. Watu wa jirani walikuja mbio na matawi, wengine midomo imewakauka kwa saumu, tukauzima. Mzee mwenyewe hakuwapo. Ilipokwisha, ua wake wa makuti ulikuwa umeteketea, miche miwili ya minazi imeungua, na chini ya mwembe, pale alipokuwa amesimamisha mafungu manane ya mbegu ya muhogo, palikuwa na majivu.

Jioni ile nalikwenda kanisani, nikawaongoza watu katika maungamo, nguo zangu zikinuka moshi.

Kesho yake nalitia fedha katika bahasha nikampa kijana apeleke. Bahasha ikarudi jua halijatua, haijafunguliwa, wala haikuja na neno. Nalijiambia moyoni, basi, nimefanya sehemu yangu; yeye amekataa. Zikapita siku nane. Nalikuwa na mikutano, nalikuwa na mgonjwa wa kuzuru, nalikuwa na hotuba ya kutengeneza. Mke wangu aliniangalia siku zile bila kusema, kisha siku moja alisema, "Moto uliwasha wewe, bahasha ikachukuliwa na mtoto wa watu." Akaendelea kuchambua mchele.

Ndugu zangu walimu, tazameni jambo hili kwa makini, maana sidhani ni langu peke yangu. Twafundisha, tena kwa haki, ya kuwa msamaha wa Mungu haununuliwi. Ni zawadi kwa ajili ya Kristo. Mimi nalijua fundisho hili tangu seminari, nami katika siku zile nane naliomba msamaha kwa Mungu kila usiku, nikaamini nimesamehewa. Lakini nalikuwa nimeigeuza ile neema kuwa mlango wa uani wa kumtorokea jirani. Musa hasemi aliyeuwasha moto aende hemani akasali, ndipo yaishe, asema alipe. Na Bwana wetu, katika Mathayo mlango wa 5, amrudisha mtu kutoka madhabahuni penyewe, sadaka yake akiwa bado hajaitoa, aende kwanza kwa ndugu yake. Asema aende, si atume. Jumapili iliyokuwa mbele yangu ilikuwa ya Ushirika Mtakatifu.

Jumamosi jua likichwa nalipiga hodi. Mzee alikuwa amekaa juu ya mkeka barazani na wajukuu zake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Padri. Kaa. Adhana bado kidogo."

Nalitaka kusema pale pale. Akainua mkono. Adhana ikasikika, wakafungua kwa tende na maji, kisha ikaletwa sahani ya muhogo wa nazi, ikawekwa kati yake na mimi. Nalikula muhogo wa mtu niliyemchomea mbegu, na kila tonge lilikuwa zito kooni. Alipokwisha kusali ndipo nalisema, "Mzee, nimekuja kuungama. Naliwasha mchana, na upepo, wala sikukuarifu. Kosa ni langu lote, tena la pili ni kukawia huku."

Alikaa kitambo. Akasema, "Nalikuwa nakungoja. Fedha zilikuja kabla ya mtu, nikazirudisha zikamwite mwenyewe." Kisha akasema, "Ua utajengwa. Miche nitapata. Mbegu ile ilikuwa ya baba. Sikuwa na mahali pengine nilipoiweka. Mimi nimekusamehe tangu siku ile, mwanangu, lakini sitakuambia haikupotea kitu."

Maneno hayo ya mwisho nimeyabeba tangu siku ile. Wengi wetu tukisamehe twasema, si kitu. Yeye hakusema si kitu. Kilikuwa kitu, naye akasamehe.

Wenye kufundisha Katekisimo Ndogo, mnakumbuka jinsi Luther anavyoeleza ombi la nne. Anapouliza chakula cha kila siku ni nini, hatuletei sahani peke yake. Ahesabu ndani yake shamba, na hali ya hewa njema, na mwisho kabisa ahesabu majirani waaminifu. Zamani naliwafundisha watoto wa Kipaimara maneno yale kama orodha ya duka. Kumbe jirani ni chakula. Tena Luther hasemi awe wa dini gani.

Juma lililofuata tulikwenda watu saba wa usharika, na vijana watatu wa kijijini wakatuunga mkono, tukajenga ua na kupiga matuta ya shamba lake kabla ya langu. Nusu ya mbegu yangu, iliyokuwa ya Kizimbani, nalimpelekea. Aliipokea, akaitazama macho yake, akasema ni nzuri. Hakusema ni kama ile.

Mzee mmoja wa kanisa akaanza kuuliza huku na huku. Siku ya tano akaniletea habari ya kuwa huko Donge yuko bibi mmoja, mke wa jamaa ya mzee, aliyepewa vijiti vichache vya mbegu ile alipoolewa, zamani sana, naye amekuwa akipanda safu moja nyuma ya jiko kila mwaka, kwa sababu yaiva upesi na watoto waipenda. Mzee mwenyewe alikuwa amesahau kama aliigawa. Nalikwenda Donge kwa miguu yangu. Nalikuwa nimekwisha kujifunza habari ya kutuma bahasha. Yule bibi alikata vijiti kumi na viwili, akavifunga kwa ukindu, asitake hata senti.

Tuliyachunguza mashina kama nilivyowaambia ninyi hapo juu, yasiwe na ugonjwa, tukavipanda mzee na mimi katika manyunyu ya kwanza, mbali kidogo na mihogo mingine. Vitatu havikuota. Kimoja kililiwa na panya. Vinane vilisimama.

Nayaandika haya na kiangazi kimekaribia mwisho. Mafungu yangu yako kivulini. Takataka za shamba nyingi nimezizika mwaka huu, na zile chache zilizosalia, za miiba, nitazichoma jioni, upepo ukiisha tulia. Mzee amesema atakuja kusimama mpakani yeye mwenyewe na tawi lake, kwa kuwa, asema, Padri na moto hawaaminiki. Ameniahidi vijiti vitatu vya mbegu ya baba yake, nivipande upande wangu. Nimetafuta uzi mwekundu wa kuvitia alama.